Kunguru Wawili Anakanusha: utamaduni ni wa nani, na nani anausemea?

Mwaka 1884 taasisi ya utafiti ya serikali ya Marekani ilichapisha kazi ndefu kuhusu maisha ya Waomaha, wenyeji wa asili wa sehemu ambayo leo ni jimbo la Nebraska. Aliyeiandika ni James Owen Dorsey, mmisionari aliyegeuka mtafiti, mtu aliyeijua lugha yao na aliyekaa nao. Anaeleza koo zao, ndoa zao, miiko yao, nani anaruhusiwa kugusa nini na nani haruhusiwi. Ni maandishi makavu ya kitaalamu, ya kusinzilia. Lakini katikati ya maelezo hayo yaliyonyooka, kila baada ya muda inachomoza sentensi fupi: Two Crows anakanusha hili.

Two Crows, yaani Kunguru Wawili, alikuwa Mwomaha mwenye kuheshimika. Wenzake wanasema desturi yetu ni hii. Yeye anasema hapana, si hivyo. Na Dorsey, badala ya kuamua nani mkweli akafuta maneno ya mwingine, aliyaacha yote mawili kwenye ukurasa.

Miaka mingi baadaye Edward Sapir, mmoja wa wanaisimu wakubwa wa karne ya 20, alisimulia jinsi alivyoshtuka alipoyasoma maneno hayo akiwa mwanafunzi. Alikuwa anataka kuambiwa Waomaha wanaamini nini, basi. Akahisi Dorsey hakuimaliza kazi yake: unawezaje kueleza utamaduni wa watu kisha ukamwachia mmoja wao aupinge? Mwaka 1938, akiwa mtu mzima na bingwa, Sapir aliandika kwamba Dorsey ndiye aliyekuwa mbele ya wakati wake. Aliyekuwa nyuma ni yule kijana aliyetaka jibu moja.

Nimeanza na Kunguru Wawili kwa sababu wengi wetu, tukizungumza habari za utamaduni, tunazungumza kama kijana Sapir. "Wale utamaduni wao ni hivi." "Sisi kwetu hatufanyi hayo." Tunaongea kama kwamba kila kundi la watu lina sanduku lake, na ndani ya sanduku kuna orodha ambayo wote wameitia saini. Wakati huohuo, majumbani mwetu, hakuna siku inayopita bila mtu kubishana na mwingine juu ya kilichomo kwenye sanduku hilo.

Tuanze na neno lenyewe, maana nusu ya utata umejificha humo. Utamaduni ni neno lililotoka kwenye Kiarabu, na ukilipasua unakuta madina ndani yake, mji. Kwa chimbuko lake, mwenye utamaduni ni mtu aliyekaa mjini akaadilika, tofauti na wa porini. Lugha za Ulaya nazo zilichota neno lao shambani: Kilatini kina kitenzi colere, kulima na kutunza, na Cicero, msemaji wa Roma ya kale, alitumia neno lililotokana nacho kufananisha falsafa na kilimo cha nafsi. Huku mji, kule shamba. Lakini pande zote mbili wazo ni moja, kwamba kuna walionao na kuna wasionao. Ndugu zake neno hili katika Kiswahili, ustaarabu na uungwana, wamebeba mzigo huohuo, na upande wa pili wa mizani lilikaa neno ambalo hakuna aliyewahi kujiita: ushenzi.

Hiyo ndiyo maana ya kwanza, ya zamani, ya ngazi. Edward Tylor, Mwingereza anayetajwa mara nyingi kama baba wa anthropolojia, somo la binadamu na tamaduni zao, alitoa mwaka 1871 fasili iliyopanua mambo: utamaduni ni mjumuiko wa maarifa, imani, sanaa, maadili, sheria, desturi na kila uwezo mwingine ambao binadamu anaupata kwa kuwa mwanajamii. Kwa fasili hiyo hakuna mtu asiye na utamaduni. Hata hivyo Tylor mwenyewe hakuiacha ngazi. Aliwapanga watu wa dunia kutoka wa chini hadi wa juu, na huko juu, utakisia mwenyewe, walikaa watu wa kwao.

Aliyeitikisa ngazi hiyo kwa nguvu ni Franz Boas, Mjerumani aliyehamia Marekani baada ya kuishi na Wainuiti, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Kanada, kwenye kisiwa cha Baffin mwaka 1883 na 1884. Mwaka 1887 alianzisha ubishi unaoonekana mdogo: vitu vya makumbusho vipangwe vipi? Wakuu wa wakati ule walipanga kwa aina, ala zote za muziki pamoja, kutoka ya kienyeji hadi ya kisasa, ili mtazamaji aone maendeleo. Boas akasema wekeni vitu vya watu wamoja mahali pamoja, maana ala ya muziki haieleweki bila wimbo, na wimbo haueleweki bila sherehe. Kutoka kwenye ubishi wa makabati ikakua fikra kwamba hakuna utamaduni mmoja wenye ngazi, bali ziko tamaduni nyingi.

Sasa, fikra ya pili haikuifuta ya kwanza. Zote mbili ziliingia vichwani mwetu na zinaishi humo kama wapangaji wawili wa chumba kimoja. Mtu akisema "huyu hana utamaduni", anatumia ile ya ngazi. Dakika tano baadaye anasema "kila watu na utamaduni wao", anatumia ile ya wingi. Wasomi nao hawako salama zaidi: mwaka 1952 Wamarekani wawili, Alfred Kroeber na Clyde Kluckhohn, walikusanya fasili za neno hili zilizokwisha kuandikwa wakapata zaidi ya 160.

Katika mazungumzo ya kila siku kuna maana nyingine tena, ndogo na ya kupendeza. Ukisikia "kikundi cha utamaduni" unajua ni wacheza ngoma. Hapo utamaduni umekuwa kitu cha jukwaani: mavazi, nyimbo, vyombo. Ni utamaduni usiomuudhi mtu. Hakuna anayegombana na jirani yake kwa sababu ya ngoma iliyochezwa saa nane mchana mbele ya wageni. Ugomvi huanza kwenye mambo yasiyopandishwa jukwaani, kama nani anarithi, nani anamtii nani, mtoto ni wa nani, mgeni akae umbali gani, ukimya una maana gani. Edward Hall, aliyeandika sana juu ya nafasi na muda mwishoni mwa miaka ya 1950, alisema utamaduni huficha zaidi ya unavyoonyesha, na wanaofichwa zaidi ni wenyewe.

Kwa nini wenyewe? Fikiria lafudhi. Hakuna mtu anayejisikia ana lafudhi; lafudhi wanayo wengine. Ni mpaka uhame, au mgeni akucheke, ndipo unagundua kwamba na wewe unatamka kwa namna fulani. Utamaduni uko hivyohivyo. Nyani haoni kundule, na kundi zima la nyani nalo halioni.

Matokeo yake ni upotofu wa kuhesabu. Mtu wa kwenu akichelewa, ana sababu: mvua ilinyesha, mtoto aliugua, gari liliharibika. Mtu wa kule akichelewa, ah, ndiyo utamaduni wao. Wa kwenu akimpiga mkewe, ni mtu mbaya. Wa kule akifanya hivyo, ni mila zao. Sisi tuna sababu, wao wana utamaduni. Wanasaikolojia wamelipima jambo lililo jirani na hili. Mwaka 1980 George Quattrone na Edward Jones waliwaonyesha wanafunzi wa vyuo viwili jirani vya Marekani, Princeton na Rutgers, mtu mmoja akifanya uamuzi mdogo, kisha wakawauliza wenzake wa chuo wangeamua vipi. Aliyedhaniwa ni wa chuo kingine alichukuliwa kirahisi kuwa kielelezo cha chuo chake chote. Kumwona mmoja wao kulitosha kuwajua wote, ilhali wa chuo chetu, kila mtu na lake. Na hivyo ni vyuo viwili vya jimbo moja, si watu wa mabara mawili.

Methali mbili kinywani mwa mtu mmoja

Kiswahili kina methali inayosema mwacha mila ni mtumwa. Kina pia inayosema kila zama na kitabu chake. Ukizisoma pamoja ni kama watu wawili wanaopigana vikumbo mlangoni: mmoja anasema mila haiachwi, mwingine anasema imeshaachwa, njoo uone. Lakini hazisemwi na watu wawili. Anazisema mtu mmoja, katika siku moja, kutegemea anajadiliana na nani. Baba anamwambia binti anayetaka kuolewa na mgeni kwamba mwacha mila ni mtumwa. Jioni ndugu zake wakimdai michango ya shughuli ambayo haoni faida yake, anawaambia jamani, kila zama na kitabu chake.

Unaweza kumwita mnafiki. Mimi namwona mjuzi. Na kuna mtafiti aliyeona hivyo kwa ushahidi mwingi kuliko wangu. Gerd Baumann aliishi miaka kadhaa Southall, kitongoji cha London chenye mchanganyiko mkubwa wa watu, akachapisha matokeo yake mwaka 1996. Alikuta kwamba wakazi wana lugha mbili za kuzungumzia utamaduni. Ya kwanza ni ile ya serikali na magazeti: watu wamegawanyika kwenye jumuiya, kila jumuiya ina utamaduni wake, na utamaduni huo ndio unaoeleza mambo yao. Ya pili ni ya mitaani: watu wale wale wanasema jumuiya fulani imegawanyika kabisa, kwamba vijana wana mambo yao, kwamba "utamaduni wetu" ni jambo tunaloliamua njiani. Kilichomvutia Baumann ni kuwa watu hawakuchagua lugha moja wakaitupa nyingine. Walikuwa wakibadilisha kama mtu anavyobadilisha gia. Wakienda kuomba ukumbi au ruzuku walitumia ya kwanza, kwa sababu ndiyo iliyofungua milango. Wakirudi nyumbani kubishana na wazazi walitumia ya pili.

Kwa hiyo ukisikia msomi analalamika kwamba watu wa kawaida wanauelewa utamaduni kama jiwe lisilobadilika, uwe na shaka kidogo. Wanajua unabadilika, kwa kuwa wao ndio wanaoubadilisha. Wanauita jiwe pale wanapohitaji kitu kigumu cha kushika.

Angalia pia jinsi tunavyoyapanga majina. Jambo tunalolipenda tunaliita mila na desturi zetu. Tusilolipenda tunaliita mila potofu, au mila zilizopitwa na wakati. Lililotoka nje na hatulitaki ni utamaduni wa kigeni. Lililotoka nje na tunalitaka halina jina, ni maisha tu. Hakuna anayeiita simu utamaduni wa kigeni.

Umri wa mila nao hauendi sambamba na uzito wake. Mfano unaojulikana vizuri uko Uskoti. Vazi la watu wa milimani lilipigwa marufuku na sheria ya mwaka 1746, baada ya uasi, na marufuku hiyo ikaondolewa mwaka 1782. Waskoti wengi wa bondeni wakati ule waliwaona wale wa milimani kuwa washenzi, na vazi lao la kishenzi. Kisha mwaka 1822 Mfalme George wa Nne akaitembelea Edinburgh, na mwandishi Walter Scott akapewa kazi ya kuandaa mapokezi. Aliwavisha waheshimiwa vazi la milimani, na mfalme mwenyewe akalivaa. Leo vazi hilo ndilo Uskoti yenyewe machoni pa dunia. Wanahistoria wamechekelea sana habari hii, na ni kweli inachekesha. Ila mtu anayelivaa siku ya ndoa yake leo hadanganyi. Amelirithi kwa baba yake, na baba yake alilirithi kwa babu yake. Kwa maisha ya mtu, huo ni urithi wa kutosha.

Mpaka, si mzigo

Swali gumu zaidi ni hili: kama yaliyomo yanabadilika, kwa nini makundi yenyewe hayayeyuki? Mwanaanthropolojia Mnorwe Fredrik Barth alijibu mwaka 1969, katika kitabu alichokihariri, kwa njia iliyogeuza somo zima. Alisema tuache kutazama mzigo, yaani hayo yaliyomo, tutazame mpaka. Watu wawili wanaweza kufanana karibu kila kitu na bado wakajihesabu kuwa makundi mawili, maana kinacholinda kundi ni zile alama chache zilizochaguliwa kusema sisi ni sisi na wao ni wao. Alama zinaweza kubadilika, na hata watu wakavuka, lakini mpaka ukabaki. Katika kitabu hicho hicho mwenzake Gunnar Haaland alieleza habari za Darfur, magharibi mwa Sudan, ambako Mfur mkulima aliyefanikiwa kupata ng'ombe wengi aliweza kuhama na mifugo yake, akaishi kama wafugaji wa Kibaggara, na taratibu akahesabiwa miongoni mwao. Hakuna aliyesema Wafur wamepungua au kwamba mpaka umefutika. Mtu amevuka, mto uko pale pale.

Na mpaka hauhitaji sababu kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanasaikolojia Henri Tajfel alichapisha majaribio aliyoyafanya kwa wavulana wa shule huko Bristol, Uingereza, wa miaka 14 na 15. Aliwagawa kwa kisingizio cha michoro waliyoipenda, ya Klee au ya Kandinsky, wachoraji ambao wengi wao huenda hawakuwahi kuwasikia. Hawakukutanishwa wala hawakujua nani yuko kundi gani. Walipoambiwa wagawe pesa kidogo kwa wengine, waliwapendelea wa kundi lao. Jambo la kutia uchungu zaidi ni kwamba baadhi ya chaguzi zao zilikubali kundi lao lipate pungufu, mradi tu tofauti na wale wengine iwe kubwa.

Hapo neno letu tofauti linaanza kusema mengi. Katika Kiswahili, tofauti ni hali ya kutofanana, na ni ugomvi pia. "Wana tofauti zao" maana yake hawaelewani. "Tumalize tofauti zetu" maana yake tupatane. Mchanganyiko nao una ndugu yake, kuchanganyikiwa. Maofisa na watafsiri, labda kwa kuukimbia mzigo huu, walitupa neno safi la maandishini, uanuwai, na ni neno zuri. Lakini hujamsikia mtu akilitumia kumwelezea jirani yake. Mitaani watu husema "huku kuna watu wa kila aina", na sauti wanayoitumia ndiyo inayokwambia kama wamefurahi au wamechoka.

Msitu na mtaa

Tarehe 2 Novemba 2001, wiki chache baada ya mashambulizi ya New York na Washington, UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, ilipitisha tamko la dunia kuhusu uanuwai wa tamaduni. Kifungu chake cha kwanza kinasema uanuwai huo ni wa lazima kwa binadamu kama uanuwai wa viumbe ulivyo wa lazima kwa maumbile. Miaka minne baadaye ukafuata mkataba wenye nguvu ya kisheria, ukapigiwa kura za ndiyo 148 dhidi ya mbili, za Marekani na Israeli. Ukichungulia ndani utakuta suala kubwa pale lilikuwa biashara: je, nchi ina haki ya kulinda filamu, muziki na vitabu vyake dhidi ya soko huria? Ndiyo maana nchi yenye tasnia kubwa ya filamu ilisema hapana.

Mfano wa msitu una uzuri wake, na umesaidia hasa kwa lugha. Dunia ina lugha kama 7,000 na nyingi kati yake zina wasemaji wachache mno. Lakini una mtego. Chui hazai na kondoo, wakati tamaduni huzaana kila siku. Chui pia hawezi kuamka asubuhi akasema, mimi siafiki namna sisi chui tunavyoishi. Ukiwaona watu kama spishi, unaanza kuwahifadhi. Na anayehifadhiwa haulizwi anataka kuwa nani.

Mtego huo una upande wake wa giza. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mwanafalsafa Mfaransa Étienne Balibar alionyesha kuwa ubaguzi unaweza kuendelea vizuri tu bila kutaja rangi wala damu. Badala ya kusema hawa wamezaliwa duni, unasema tamaduni zetu haziwezi kuishi pamoja, kila mmoja akae kwake, kwa heshima. Neno limebadilika, mlango umefungwa kwa ufunguo uleule. Na hapa biolojia ilikuwa imeshakataa kutoa ushirikiano: mwaka 1972 mtaalamu wa jenetiki Richard Lewontin alikokotoa kwamba karibu asilimia 85 ya tofauti za kijenetiki za binadamu zimo ndani ya kila kundi la watu, kati ya mtu na jirani yake wa damu moja, wala si kati ya kundi na kundi.

Hata hivyo lugha ileile ya sanduku imewaokoa watu. Mwanaanthropolojia Terence Turner alipoanza kwenda kwa Wakayapó, wenyeji wa asili wa Brazili, miaka ya 1960, hawakuwa wakizungumza juu ya "utamaduni wao" kama kitu cha kulinda, waliishi tu. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 walikuwa wamelichukua neno la Kireno, cultura, wakalifanya silaha. Februari 1989 walikusanyika Altamira kupinga mabwawa yaliyopangwa kujengwa kwenye mto Xingu. Walikuja na mavazi yao kamili, wakijua kamera za dunia ziko pale, na kamera nyingine walizishika wao wenyewe. Mradi ule ulisimama kwa miaka mingi. Nani atawaambia kwamba utamaduni si kitu, ni mchakato? Wenye mamlaka hawasikilizi michakato.

Basi watu wa kawaida wasiokuwa na bwawa la kupinga wanaishije na tofauti? Susanne Wessendorf alifanya utafiti Hackney, London, na kuchapisha mwaka 2014. Alikuta watu ambao hawaushangai uanuwai kabisa. Ni hali ya mahali, kama hali ya hewa. Lakini walikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote. Hadharani, sokoni, shuleni, bustanini, unatakiwa uchanganyike. Nyumbani uwe na wa kwenu, hakuna atakayekulaumu. Waliolalamikiwa hawakuwa wale waliotofautiana zaidi na wengine, bali walioonekana hawataki kuchanganyika hadharani, na kati yao walikuwamo hata vijana wa mitindo mipya waliohamia karibuni.

Naona hiyo ni siasa ya tofauti iliyokomaa kuliko nyingi zinazotungwa bungeni. Haidai upendo, inadai salamu. Na inaafikiana na alichokisema mwanasaikolojia Gordon Allport mwaka 1954: makundi kukutana peke yake hakutoshi kupunguza chuki, watu wakutane wakiwa na hadhi sawa, wakiwa na lengo moja, wakishirikiana, na wenye mamlaka wakiunga mkono. Thomas Pettigrew na Linda Tropp walipozipitia tafiti 515 mwaka 2006, walikuta kwamba kukutana kwa kawaida hupunguza chuki, na masharti ya Allport huongeza nguvu hiyo hata kama si ya lazima. Kwa upande mwingine, mwaka 2007 mtaalamu wa siasa Robert Putnam alitoa matokeo kutoka Marekani ambayo hayakumfurahisha hata yeye: kwenye mitaa yenye mchanganyiko zaidi watu waliaminiana kidogo zaidi, hata na wale wanaofanana nao. Walijikunyata kama kobe. Matokeo hayo yamebishaniwa sana. Nikiyalinganisha na ya Hackney, naona hayagongani sana. Kuishi mtaa mmoja si kukutana, na kobe na kobe wanaweza kukaa ubavu kwa ubavu miaka ishirini.

Hapa namrudia Kunguru Wawili, kwa sababu kuna jambo sijalisema. Mara nyingi hakukanusha peke yake. Kwenye kurasa za Dorsey jina lake linatajwa sanjari na la mwingine, Joseph La Flesche, chifu wa Waomaha, na wawili hao ndio waliotumika kama mizani ya kupimia maneno ya wengine. Wakisema si hivyo, si hivyo.

La Flesche baba yake alikuwa mfanyabiashara Mfaransa na mama yake Mponca, watu jirani wa Waomaha. Chifu wa Waomaha, Big Elk, alimchukua kuwa mwanawe, na hivyo ndivyo alivyouingia uchifu. Aliamini watoto wasome na nyumba zijengwe kwa mbao kama za Wazungu; binti yake Susan alihitimu udaktari mwaka 1889, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa asili wa Marekani, na mwanawe Francis alishirikiana na Alice Fletcher kuandika kitabu kikubwa kuhusu Waomaha kilichotoka mwaka 1911. Waomaha waliopenda mambo ya zamani walikipa jina kijiji chake. Walikiita kijiji cha Wazungu wa kujifanya. Na mwenye kijiji hicho ndiye aliyeulizwa mila halisi ya Waomaha ni ipi, akajibu, na jibu lake likachapishwa.